Franco alimwimbia Mobutu. Mbona tunamlilia kama mtetezi wa wanyonge?

#1 Mwana wa Ilala

Wakuu salaam.

Juzi nilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu Kigamboni. Vijana walicheza amapiano mpaka wakalowa, wazee wamekaa na soda zao. Ilipogonga saa nne, DJ akaweka "Mario" ya Franco, yule gwiji wa gitaa wa Kongo. Ukumbi ukageuka. Mjomba wangu, mtu wa miaka sabini na ushee anayetembea kwa fimbo, aliiegemeza fimbo ukutani akaingia katikati. Aliporudi kitini, huku anajifuta jasho, akasema: "Huyu ndiye alikuwa mtetezi wa wanyonge. Hazaliwi mwingine."

Hapo ndipo nilipokwama. Nampenda Franco, nyimbo zake zimejaa kwenye simu yangu. Lakini mtetezi wa wanyonge wapi? Mwaka 1984 Mobutu, dikteta wa Zaire (Kongo-Kinshasa ya leo), alisimama kugombea urais peke yake, hata mpinzani wa kuigiza hakuwepo, na Franco akatoa "Candidat na Biso Mobutu", yaani mgombea wetu Mobutu. Kabla ya hapo, miaka ya 1970 mali za wageni ziliponyang'anywa, Franco ndiye aliyepewa Mazadis, kiwanda cha kufyatua santuri. Wanamuziki wenzake wakawa wanabisha hodi kwa mshindani wao ili santuri zao zitoke.

Alifariki 12 Oktoba 1989. Mobutu tunamlaani mpaka leo, aliyempigia gitaa tunamlilia. Mimi nasema tumemsamehe kwa sababu alikuwa fundi, basi. Anayebisha aje na hoja.

#2 Mzee wa Santuri

Nabisha. Umeianza hadithi katikati, kijana.

Anzia 1966. Mobutu ana miezi michache tu madarakani. Tarehe 2 Juni akawanyonga mawaziri wanne wa zamani hadharani Kinshasa, mbele ya umati: Kimba, Anany, Bamba na Mahamba. Mwaka huohuo Franco akatoa "Luvumbu Ndoki", wimbo wa Kikongo kuhusu mchawi anayewamaliza watu wake mwenyewe. Kila mwenye masikio alielewa mchawi ni nani. Santuri zikaondolewa sokoni, yeye akakamatwa, alipoachiwa akavuka mto kwenda Brazzaville akakaa huko miezi. Hakuwa ametimiza miaka 30. Huyo huyo ndiye unayemwita mpambe.

Mimi miaka ya 1980 nilikuwa naweka santuri kwenye baa moja Magomeni. "Mario" ikianza, sakafu ya mbao inatikisika mpaka sindano inaruka. Dawa yake ilikuwa sarafu ya shilingi: unaibandika juu ya mkono wa gramafoni kwa utepe, sindano inatulia kwenye mfereji wake. Sarafu ikizidi uzito inakwangua santuri. Nakala yangu ina mkwaruzo pale Franco anapoanza kuongea, na leo nikiusikia wimbo huo safi redioni naona kama kuna kitu kimepungua.

#3 Tandale Kwetu

Mzee wa Santuri ndani ya nyumba. Uzi umenoga, nakaa mbele kabisa.

#4 Mwana wa Ilala

Mzee shikamoo. 1966 naikubali. Lakini hiyo ndiyo inaniumiza zaidi: aliujua ukweli, akausema, halafu akarudi akamwimbia yuleyule. Asiyejua tunamsamehe. Aliyejua je?

#5 Kasongo wa Lushi

Bandugu, jambo. Niko Lubumbashi, mutanivumilia na Kiswahili cha huku.

Kimba alikuwa mtoto wa kwetu Katanga. Bazee betu jina lile walilitaja kwa sauti ya chini hadi 1997. Kwa hiyo nikisema neno hapa sisemi kwa kumpenda Mobutu.

Ninyi munaongea kama Franco alikuwa na mlango wa kutokea. Zaire ya wakati ule kila mtu aliimba. Ilikuwa na jina, "animation politique". Mamangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi, kabla ya masomo, walimu na watoto walisimama uwanjani wakacheza na kumwimbia Guide, yaani Mobutu. Mama alivaa kitenge chenye sura ya Mobutu, na sura ile fundi aliipanga ikae sawasawa mgongoni, haiwezi kukaa chini mahali pa kukalia, ungeulizwa. Mama alicheza miaka mingi. Je, mama naye ni mpambe?

Franco alifanya kile mama alifanya. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na gitaa na kipaza sauti.

#6 Mwana wa Ilala

Kaka Kasongo, nimekusoma mara mbili. Pole kwa mama. Lakini mama hakupewa kiwanda.

#7 Kasongo wa Lushi

Hapo umenipata. Hakupewa hata chaki za kutosha.

#8 Binti Ujiji

Mnapiga siasa tu, mmewasahau wanawake.

Mwaka 1978 Franco alifungwa. Si kwa siasa, kwa matusi. Nyimbo zake "Hélène" na "Jacky" zilikuwa chafu kiasi kwamba serikali ya Mobutu, ambayo haikuwa na aibu ya mambo mengi, iliona aibu. Wanabendi wenzake waliingia ndani pamoja naye. Mtetezi wa wanyonge gani anayemdhalilisha mwanamke mpaka kikanda chake kinauzwa chini ya meza?

Nasema haya nikiwa mtoto wa Kigoma, nimelelewa na redio za ng'ambo ya ziwa. Lingala nimeijua kabla ya Kiingereza. Baba akiweka Franco, mama alikuwa anasimama anakwenda jikoni. Tulidhani hapendi muziki. Nilipokua ndipo nikaelewa alikuwa anasikia maneno.

#9 Shangazi Bora

Binti Ujiji, nakuunga mkono nusu. "Mario" iko upande wa nani? Wa mwanamke. Kijana msomi, ana vyeti, analelewa na mama mtu mzima, halafu anampiga na kumwonea wivu. Franco anamwambia achukue vyeti vyake akatafute kazi. Nani mwingine mwaka 1985 alimwimbia mwanamume maneno hayo?

Mimi wimbo ule uliniokoa. Nilikuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani kwangu Tabora, nauza vitenge, yeye analala mpaka saa tano. Siku moja jirani akaniimbia kibwagizo kile ukutani huku anapepeta mchele, wala hakunitazama. Nilicheka, halafu nikalia. Mwezi haukuisha mtu yule akawa kwao.

#10 Binti Ujiji

Dada, hilo lako nimelipokea kwa mikono miwili. Lakini sikiliza vizuri: mwanamke wa "Mario" anaimbiwa na Madilu, mwimbaji wa bendi, na Franco ndiye anayeongea. Shida ya mwanamke imesemwa na wanaume wawili, na hela wakachukua wao.

#11 Tandale Kwetu

Kwa hiyo ndiyo maana mwanamume anayelelewa anaitwa marioo? Mimi siku zote nilidhani ni yule Mario wa kwenye gemu, anayerukaruka kuokota sarafu.

#12 Mzee wa Santuri

Wewe mtoto wewe. Marioo imetoka kwenye wimbo. Kabla ya 1985 sisi tulisema tu "analelewa". Wimbo ulipoingia Dar, haikupita hata miezi, kila baa lina Mario wake ananyooshewa kidole.

#13 Tandale Kwetu

Mzee, hata gemu la Super Mario Bros limetoka 1985. Nimeangalia sasa hivi. Na yule naye anakusanya sarafu zisizo zake.

#14 Mzee wa Santuri

Magomeni 1985 nani alikuwa na gemu? Umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha.

#15 Nyota ya Kisumu

Habari zenu ndugu wa huko chini. Mimi naona nyinyi wote mnazunguka mbuyu. Sababu ya Franco kupendwa hapa Kenya na huko kwenu ni moja: hatuelewi anachosema.

Babangu alikuwa na kanda zake kwenye kibweta cha mbao, tukiziharibu ni kiboko. Utepe ukitoka nje tuliurudisha kwa kalamu ya biro, pole pole, ukikunja tu mahali pamoja sauti ya Franco inalia kama ng'ombe. Aliziimba zote kutoka mwanzo hadi mwisho kwa Lingala ambayo hakuna Mkongo angeielewa. Mpaka leo Jumamosi Roga Roga ya Radio Citizen ikianza, nyumba nzima inajua usimguse mzee. Muulize "Candidat na Biso" ni nini, atakwambia ni wimbo wa mapenzi.

Ndiyo maana tumemsamehe: hatukusikia kosa. Wakongo ndio wana haki ya kumhukumu, sisi tulisikia gitaa peke yake.

#16 Kasongo wa Lushi

Nyota umesema kweli, nami nitaongeza. Nilikuja Dar harusini mwaka fulani. Bibi harusi anaingia, DJ anaweka "Testament ya Bowule". Watu wanapiga vigelegele. Mimi nimeshika kichwa. Ule ni wasia wa mtu anayekufa! Nikauliza jirani, munajua hii inasema nini? Akaniambia, "Inasema mapenzi hayafi."

Na "Mamou" munavyoichezea kitchen party. Ni ugomvi wa mashoga wawili: mmoja bwana wake yuko Ulaya anatuma pesa, yeye huku anatembea na wengine halafu anamsingizia rafiki. Munamchezea bibi harusi hiyo.

#17 Shangazi Bora

Mungu wangu. Mamou tulimchezea mdogo wangu.

#18 Nyota ya Kisumu

Na bado wako pamoja?

#19 Shangazi Bora

Wako, wana watoto watatu. Bwana yuko Muscat, ila sasa nitaanza kumwangalia mdogo wangu vizuri.

#20 Gita Kavu

Hoja ya Nyota ina shimo. Kama ni kutoelewa maneno, mbona bendi zote za Kongo hatuzielewi na hazikudumu zote? Nimepiga solo kwenye bendi za dansi miaka 19, niruhusuni niseme ya kwangu.

Kwenye magitaa ya Kongo kulikuwa na njia mbili. Moja ya African Jazz ya Kabasele, na gitaa la Dk. Nico: noti mojamoja, tamu, safi, kama mtu anayemimina asali. Nyingine ya OK Jazz (baadaye TPOK Jazz), waliyoiita odemba, na huyo ndiye Franco. Yeye hakumimina kitu, alikuwa anakwanyua. Kidole gumba na cha shahada vinashika nyuzi mbili kwa pamoja, zinalia zote mara moja, kifungu kifupi tu, na anakirudia, anakirudia. Ukijifunza unaona ni kitu chepesi. Ukifika kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, ukakipiga dakika sita mfululizo bila kukiharakisha, ndipo unajua hujui. Mkono unakaza, unaanza kukimbia, mpiga tumba anakuangalia vibaya.

Yeye hakukimbia. Anabaki palepale, waimbaji wamekwisha kurudi nyuma, midomo ya bata, yaani saksafoni, inajibu, ridhim na besi wamekaa kama kuta za nyumba, yeye anakwanyua tu. Kiuno cha binadamu kinaelewa hilo pasipo mkalimani. Mama yake aliuza maandazi sokoni Ngiri-Ngiri, Kinshasa, na kijana alikuwa anapiga gitaa la kujitengenezea pale gengeni ili wateja wasogee. Nadhani mkono ule ulijifunzia hapo: kumsimamisha mpita njia asiye na haja ya andazi.

Mobutu, sijui Kengo, hao wamekuja baadaye.

#21 Mwana wa Ilala

Gita Kavu, hii ndiyo post ya uzi. Lakini ona, umeunga mkono hoja yangu #1: tumemsamehe kwa sababu ni fundi.

#22 Gita Kavu

Sijasema tumemsamehe. Nasema kiuno hakikuulizwa.

#23 Mzee wa Santuri

Kwa kuwa Kengo ametajwa. Mwanasheria mkuu wa serikali Franco alipofungwa 1978 alikuwa Kengo wa Dondo. Baadaye Kengo akawa waziri mkuu. Alipoondolewa, Franco akatoa "Tailleur", wimbo wa fundi cherehani: mwenye sindano akiichukua sindano yake, utashona kwa nini? Kinshasa nzima ilijua cherehani hiyo ya nani. Sasa niambieni, mpambe anamwimba hivyo aliyekuwa waziri mkuu?

#24 Binti Ujiji

Mzee, umesema mwenyewe: alipoondolewa. Alisubiri mtu aanguke kwanza. Na mwenye sindano katika wimbo huo ni nani kama si Mobutu? Kamsifu bosi kwa kumcheka aliyefukuzwa.

#25 Mzee wa Santuri

Binti, umenibana. Nitarudi.

#26 Kivuko

Mnajichosha. Hela ndiyo jibu. Alikuwa mfanyabiashara. "Azda" ya 1973, ile mnayoitikia "vewe, vewe" mkidhani ni jina la mrembo, ni tangazo la muuza magari ya Volkswagen. Aliimbia gari, aliimbia rais, aliimbia yeyote mwenye kulipa. Bendi yake ilikuwa na watu thelathini na zaidi nyakati nyingine, wote wanataka mshahara.

#27 Gita Kavu

Tangazo la gari ambalo watu wanalicheza baada ya miaka hamsini. Hebu nitajieni lingine.

#28 Muuguzi Mstaafu

Habari za jioni. Huwa nasoma tu, leo naandika.

Nilikuwa muuguzi Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiingizwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Wengine waliita silimu. Ndugu walikuwa wanamleta mgonjwa alfajiri, wanamwacha kwenye benchi na blanketi, hawarudi. Nasi wauguzi, lazima niseme ukweli, tulikuwa tunaogopa. Kuna mwenzetu alikuwa anasukuma sahani ya uji kwa mguu.

Mwaka 1987 Franco akatoa "Attention na SIDA". Mpishi wetu alikuwa na redio ya mkulima, alikuwa amekaa Bukavu, Kongo, miaka mingi. Wimbo ulipopigwa aliipua sufuria, akasimama, akatutafsiria sentensi moja moja. Franco anawataja watu kwa makundi yao, vijana, wanafunzi, walimu, viongozi, na wote anawapa neno. Akafika kwa madaktari: msiwakimbie wagonjwa. Mpishi alipolitafsiri hilo alituangalia sisi, mimi na yule mwenzangu. Hakuna aliyesema kitu. Jioni ile sahani ya uji ilishikwa kwa mkono.

Mwaka 1987 viongozi wengi Afrika walikuwa bado wanaona haya hata kuutaja ugonjwa. Mimi ya Mobutu nawaachia ninyi. Nilichokiona ni hicho.

#29 Shangazi Bora

Ahsante mama. Nimesisimka.

#30 Kivuko

Naye si ndiyo uliomuua? Alikuwa anajiimbia mwenyewe.

#31 Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, hilo usilisemee. Uvumi ulikuwepo tangu akiwa hai, na alivyokonda kwenye jalada la albamu "For Ever" aliyopiga na Sam Mangwana mwaka 1989 kila mtu aliona. Lakini ugonjwa hausomwi kwenye picha. Nimewaona watu waliokonda hivyo kwa figo, kwa kisukari, kwa saratani. Majirani waliwazika wakiwa wameshawahukumu. Franco alifia Ubelgiji, na walioshika cheti chake hawakukisoma hadharani.

#32 Kivuko

Nimekosea mama, nisamehe.

#33 Mzee wa Santuri

Mara yake ya mwisho jukwaani ilikuwa Amsterdam, 22 Septemba 1989. Akakalishwa kwenye kiti, akapiga kidogo. Siku ishirini baadaye hakuwepo. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya bendi na mwili ule wa futi na ratili, kukalishwa kwenye kiti. Sipendi kulifikiria.

Mobutu akatangaza siku nne za maombolezo ya taifa. Redio nzima Franco.

#34 Mwana wa Ilala

Na hapo tena namwona Mobutu. Hata msiba aliuchukua yeye.

#35 Mangi wa Sinza

Wakuu, mnamlilia wa mbali wakati wetu yupo. Dk. Remmy Ongala. Mtoto wa Lubumbashi aliyekuja Dar 1978 akajiunga na bendi ya Makassy, halafu Matimila. "Mambo kwa Soksi" aliimba kuhusu kondomu, Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Kafariki Desemba 2010. Mpaka leo konda wa daladala anaita "Sinza kwa Remmy" na abiria mwenye miaka 15 anashuka pale bila kujua Remmy ni nani. Huo ndio urithi.

#36 Kasongo wa Lushi

Mangi, rekebisha: Remmy ni wa Kindu, Maniema. Lubumbashi tuna wengi, lakini huyo si wetu.

#37 Mangi wa Sinza

Kindu, sawa. Ahsante kaka.

#38 Nyota ya Kisumu

Na Mbaraka Mwinshehe je? Alifia kwetu Mombasa kwa ajali, Januari 1979. Mbona huyo hana mgogoro wowote na anapendwa tu?

#39 Gita Kavu

Tukianza Mbaraka hatutamaliza leo. Fungua uzi wake, nitakuja na gitaa.

#40 Binti Ujiji

Turudi. Mangi kaleta jambo: Remmy alizuiwa redioni na hakupewa kiwanda, na wote wawili waliimba kuhusu ugonjwa uleule. Kwa nini sanamu ya Franco imesimama Matonge, Kinshasa, tangu 2015, na Remmy ana kituo cha daladala?

#41 Mangi wa Sinza

Kwangu kituo ni kikubwa kuliko sanamu. Sanamu haiitwi kila dakika mbili.

#42 Kivuko

Na UNESCO wameipa rumba ya Kongo heshima 2020. Ni kazi ya Franco hiyo.

#43 Kasongo wa Lushi

Desemba 2021, na ziliomba Kongo mbili kwa pamoja, Kinshasa na Brazzaville. Na si ya Franco peke yake. Kabasele, Nico, Tabu Ley, Wendo, wote wamo. Watu wa Tabu Ley wakikusikia watakutoa roho. Yeye angalau baada ya Mobutu alirudi akaingia bungeni, hadi akawa naibu gavana wa Kinshasa.

Lakini mutazame kitu kingine kuhusu urithi. Franco alipokufa, bendi iliendelea chini ya Simaro, mpiga gitaa na mtunzi wake, miaka minne tu. 1993 hawakuelewana na familia, wakaacha jina la TPOK Jazz, wakaunda Bana OK, maana yake watoto wa OK. Simaro naye kafariki 2019. Yeye ndiye aliandika "Testament ya Bowule" mnayoolea, na watu wanasema "wimbo wa Franco". Aliyeandika "Mabele"? Simaro. Mukimlilia Franco, wakati mwingine munamlilia Simaro bila kujua.

#44 Gita Kavu

Hili lingewekwa juu kabisa ya uzi. Mwenye bendi anabaki, mtunzi anapotea. Nimeliishi. Kuna wimbo wangu unapigwa redioni mpaka leo kwa jina la mtu mwingine, na mke wangu akiusikia anaizima redio kwa hasira kabla yangu.

#45 Mwana wa Ilala

Wakuu, leo nimekwenda kwa mjomba. Nimemsomea uzi wote kwenye simu, saa nzima na nusu. Post ya mama Muuguzi aliniomba niirudie.

Halafu nikamuuliza, mjomba, ulijua kuhusu "Candidat na Biso"? Akanyamaza. Akasema 1984 alikuwa tandiboi wa lori lililokuwa likipeleka mzigo Lubumbashi kupitia Zambia. Gari liliharibika, wakakaa wiki tatu. Jumamosi moja wakaenda dansini na dereva wake. Bendi ya pale ikapiga wimbo huo, ukumbi mzima ukasimama, naye akasimama. Akadhani ni wimbo mzuri tu. Akaona mezani kwao mzee mmoja hakusimama. Wakaja watu wawili wenye suti zile za kola fupi, vazi la watu wa Mobutu, wakaongea naye sikioni, wakatoka naye. Wimbo ulikuwa bado unaendelea. Bia yake ilikuwa nusu.

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulisema mtetezi wa wanyonge? Akasema: "Kwa sababu baada ya hapo walipiga 'Mamou', na wote tuliocheza tulikuwa wanyonge."

Sijui niseme nini. Hoja yangu ya #1 bado naishikilia, lakini naishikilia kwa mkono mmoja.

#46 Binti Ujiji

Mimi nawaza bia.

#47 Mzee wa Santuri

Nimerudi kumjibu Binti kuhusu "Tailleur", nikakuta hii. Nimeiacha. "Candidat" ninayo, upande wa pili haujachakaa kabisa, maana hakuna mteja aliyewahi kuniomba niigeuze. Mwenye mashine ya kuhamishia kwenye kompyuta aje PM, tuisikilize pamoja, Kasongo atutafsirie neno kwa neno.

#48 Kasongo wa Lushi

Nitatafsiri, ila si siku ya Jumapili, mama yuko nyumbani Jumapili. Mwana wa Ilala, muulize mjomba ukumbi ule ulikuwa commune gani, mtaa gani wa Lubumbashi. Kenya, Kamalondo ao Katuba? Baba mkubwa wangu alipotea mwaka ule.